Mpeasi Hauhami kwa Mbegu

Pera tunalolila hapa kambini ni tunda lenye jina la tunda jingine. Mpera wenyewe asili yake ni Amerika ya joto. Jina lake limetoka kwa Wareno, waliofika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1498 na kuitawala sehemu kubwa ya pwani hiyo kwa karibu miaka 200. Kwa Kireno, pêra ni tunda la Ulaya ambalo Kiswahili cha leo kinaliita peasi. Watu wa pwani walilichukua jina, wakalivisha tunda walilokuwa nalo mbele yao, na jina likasambaa hadi bara. Kwa hiyo mtoto wa Uvira akisema pera, na mtoto wa Makamba akisema ipera, wote wanalitaja peasi bila kujua, na wengi wao hawajalionja.

Peasi lenyewe linataka baridi. Huku Tanzania linastawi milimani, kama kule Lushoto kwenye safu za Usambara. Umbo lake ni kama kibuyu kidogo, juu jembamba, chini nene. Ganda ni laini, na nyama ina maji mengi na chembechembe kama mchanga mzuri kwenye ulimi.

Sasa najua kuna atakayeuliza: habari za matunda ya Wazungu zinatuhusu nini sisi tunaopanga foleni ya mgao? Zinatuhusu sana. Historia ya peasi ni historia ya kitu ambacho hupona pale tu watu wanapokigawa kabla hawajafukuzwa. Na hilo, ndugu msomaji, ni somo letu kabisa.

Mtoto asiyefanana na mama

Tunasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Kwa peasi methali hiyo haifanyi kazi. Ukila peasi tamu, ukachukua mbegu zake kumi ukazipanda, utapata mipeasi kumi, kila mmoja na tabia yake. Mingi itazaa vitunda vidogo, vigumu, vya kubana ulimi. Sababu ni kwamba ua la mpeasi kwa kawaida halipokei chavua ya mti wake lenyewe. Linataka chavua ya mpeasi wa aina nyingine, inayoletwa na nyuki. Hivyo kila mbegu ni mchanganyiko mpya, na utangoja miaka mingi ndipo ujue umepata nini.

Ukitaka peasi lile lile ulilolipenda, njia ni kubebesha. Unakata kijiti kutoka mti unaoupenda, kile ambacho mabwana shamba wanakiita kikonyo. Unachukua mche mwingine wa jamii yake wenye mizizi mizuri, unaukata, unavikutanisha ili ile ngozi ya kijani chini ya ganda iguse ngozi ya kijani, kisha unafunga vizuri. Vikikubaliana, vinakuwa mti mmoja. Mizizi ni ya mwenyeji, matunda ni ya mgeni. Mgeni habadiliki kuwa mwenyeji, wala mwenyeji hapotezi mizizi yake.

Ufundi huu ni wa zamani sana. Pliny, mwandishi wa Kiroma wa karne ya kwanza, aliorodhesha aina za mapeasi karibu 40, na wakulima wa wakati ule walikuwa tayari wanajua kubebesha. Lakini ufundi huu una sharti moja gumu. Haiwezekani kuiweka aina ya peasi ghalani kama gunia la mahindi, ukasubiri amani irudi. Lazima kila kizazi awepo mtu wa kukata tawi. Akikosekana, mti unazeeka, unaanguka, na aina imekwisha.

Jina linalobadilika njiani

Hapa kambini wapo wengi ambao majina yao yaliandikwa vingine siku ya kuandikishwa. Mtu ana jina la nyumbani, ana jina la kadi. Peasi maarufu kuliko yote duniani limepitia hayo hayo.

Karibu na mwaka 1770, katika kijiji cha Aldermaston nchini Uingereza, mwalimu wa shule aliyeitwa John Stair alikuwa na mpeasi wenye matunda ya ajabu, laini, yenye harufu kali. Mwenye kitalu mmoja karibu na London, Williams, alipata vikonyo vyake akavisambaza. Peasi likaitwa Williams, na jina la mwalimu likabaki nyuma. Mwisho wa karne hiyo miti yake ilivuka bahari hadi Massachusetts, Marekani. Mwaka 1817 mtu aitwaye Enoch Bartlett alinunua shamba lililokuwa na mipeasi hiyo. Yeye hakujua inaitwaje. Akaanza kuisambaza kwa jina lake mwenyewe. Mwaka 1828 ndipo ilipotambulika, miche mingine ilipofika kutoka Ulaya, kwamba kumbe Bartlett na Williams ni peasi moja. Lakini watu walishazoea. Hadi leo Wamarekani wanasema Bartlett, Ulaya wanasema Williams, na tunda halijali.

Jambo la kushika hapa ni kwamba jina likipotea, tunda linaweza kuendelea kuishi, ila historia yake ndiyo inayokufa. Anayekula Bartlett hamjui yule mwalimu wa kijijini ambaye hakuukata mti wake.

Mwenye bustani aliyefukuzwa mara tatu

Yupo mpeasi mmoja Marekani uliopona bila mpango wa mtu. Uko Danvers, Massachusetts. Ulipandwa na gavana John Endecott kati ya mwaka 1630 na 1649, walowezi wa Kiingereza walipokuwa wakijitwalia ardhi ya watu asilia wa pale. Umepigwa na vimbunga zaidi ya kimoja. Mwaka 1964 wahuni waliukatakata usiku, wakaacha kisiki cha kimo cha mtu. Ukachipua tena, na bado unazaa. Ni habari nzuri, lakini bahati ya mti mmoja si mpango wa kutegemea. Mpango tunaupata kwa mtu mwingine, na huyu nataka tukae naye kidogo.

Anaitwa Jean-Baptiste Van Mons, mzaliwa wa Brussels mwaka 1765. Sisi Wakongomani tunawajua Wabeleji kwa mambo mengine, ila huyu alifariki mwaka 1842, miaka zaidi ya 40 kabla Leopold hajaifanya Kongo kuwa mali yake, na alipozaliwa hata nchi iitwayo Ubelgiji ilikuwa bado haijakuwepo. Alikuwa mtaalamu wa dawa na kemia, baadaye profesa Leuven. Penzi lake lakini lilikuwa mipeasi. Tangu ujana wake alikuwa akipanda mbegu, anasubiri zizae, anachagua, anapanda mbegu za zile zilizochaguliwa, na kusubiri tena. Aliamini kwamba kila kizazi cha mbegu kinasogea karibu zaidi na tunda bora. Wataalamu walimpinga katika hilo, na sayansi ya baadaye haikumuunga mkono. Lakini kwa kupanda mbegu nyingi kiasi kile, alipata mapeasi mapya mengi mazuri. Katalogi yake ya mwaka 1823 ilikuwa na aina zaidi ya 1,000.

Sasa sikia. Mwaka 1819 aliambiwa bustani yake ya Brussels inahitajika kwa faida ya umma: mji unapanuka, mitaa na viwanja vya nyumba vitapita pale. Akapewa muda mfupi wa kuhama. Miti iliyokuwa na miaka na miaka ardhini haiwezi kubebwa kichwani. Alichoweza ni kuchagua iliyo bora, kukata vikonyo, na kuondoka navyo. Inaelezwa kuwa aliokoa kama sehemu moja tu kati ya ishirini ya alichokuwa nacho.

Akaenda Leuven, akaanza upya kwenye ardhi ya kukodi. Mwanzoni mwa miaka ya 1830 vita vikafika: jeshi lililokuwa linaizingira Antwerp lilihitaji mahali pa kujenga matanuri ya mikate ya askari, na wahandisi wakachagua bustani yake. Miti ikakatwa, matunda yakaporwa. Akakodi tena pengine. Miaka michache baadaye eneo likachukuliwa kwa ajili ya kiwanda cha gesi. Kila mara sababu ilikuwa ile ile, faida ya umma, na umma haukuwahi kumuuliza.

Mtu mwingine angeficha vikonyo vilivyobaki kama dhahabu. Van Mons alifanya kinyume. Maisha yake yote alikuwa akigawa vikonyo kwa mtu yeyote aliyependa mapeasi, tena bila malipo. Aliwatumia watu wa Ufaransa, wa Ujerumani na wa Uingereza. Alituma mpaka ng'ambo ya bahari, kwa Robert Manning wa Salem, Massachusetts, aliyekuwa na bustani yenye mamia ya aina za mapeasi. Kwa hiyo bustani ya Van Mons ilipokatwa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, mapeasi yake yalikuwa yameshakaa kwenye mizizi ya watu wengine, katika nchi ambazo majeshi yale hayakuzifikia. Aliyofungia uani mwake yalikwenda na ua. Aliyoyatoa ndiyo yaliyobaki.

Miti mingi, tunda moja

Usidhani vita peke yake ndivyo vinavyoua bustani. Amani na biashara navyo vinaweza. Mwaka 1885 huko Uingereza ulifanyika mkutano wa wakulima wa mapeasi, na peasi jipya la kitalu cha Rivers likashinda. Likapewa jina la mkutano wenyewe, Conference. Ni peasi zuri kwa kweli: linazaa sana, linakaa muda mrefu, linavumilia safari. Wafanyabiashara walilipenda. Leo Ubelgiji, nchi ya Van Mons na mapeasi yake elfu, mashamba yake ya mipeasi karibu yote ni Conference.

Kilichopotea si ladha peke yake. Bustani za zamani zilikuwa na miti mirefu iliyopandwa kwa nafasi, kondoo wakila majani chini yake, ndege na wadudu wakiishi kwenye mashimo ya mashina makongwe. Magharibi ya Uingereza, katika majimbo ya Gloucestershire, Herefordshire na Worcestershire, ipo mipeasi iliyoishi zaidi ya miaka 200. Matunda yake huwezi kuyala mabichi, yanakausha mdomo mzima, lakini watu wanayakamua na kuyachachusha kuwa kinywaji kiitwacho perry. Majina ya mapeasi hayo yanaeleza kinywaji chenyewe. Moja ni Merrylegs, yaani miguu iliyochangamka. Jingine ni Mumblehead, kichwa kinachogugumia. Wanaojua mandale ya nyumbani hawahitaji tafsiri zaidi.

Miti hiyo ilipoanza kung'olewa kupisha nyumba na mazao ya pesa ya haraka, walioiokoa kwanza walikuwa watu wa kawaida waliozunguka shamba kwa shamba wakiuliza wazee: mti huu unaitwaje, babu yako aliutumiaje? Walikata vikonyo, wakaandika majina. Mwaka 2007 Uingereza iliziingiza bustani za matunda za kienyeji katika orodha ya mazingira yanayopaswa kulindwa. Leo hifadhi ya matunda ya Brogdale, Kent, ina aina za mapeasi zaidi ya 500 zikiwa hai ardhini, na hifadhi ya Corvallis, Oregon, nchini Marekani, inatunza kubwa zaidi ya hiyo.

Kwa nini serikali zihangaike na mapeasi yasiyouzika? Kwa sababu ya magonjwa. Upo ugonjwa wa bakteria unaoifanya mipeasi ikauke kama iliyopitiwa na moto. Ukiingia shamba lenye aina moja, miti yote ni ndugu, na udhaifu wa mmoja ni udhaifu wa wote. Wakulima wanapotafuta damu mpya yenye nguvu, wanaikuta kwenye ile mipeasi ya zamani iliyodharauliwa.

Leuven na migomba yetu

Tuliotoka Kivu tunaujua moto wa namna hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mnyauko wa migomba ulionekana Masisi, ukashuka kusini. Huo nao ni wa bakteria. Majani yananyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati na kuoza ndani, na panga lisilosafishwa linaubeba kutoka shina hadi shina. Familia zilipoteza migomba iliyopandwa na mababu, na vita vikaondoa waliojua majina yake. Mgomba nao ni kama mpeasi: ndizi tunazokula hazina mbegu ya kupanda, unapanda chipukizi. Kila igitsiri ya Burundi imepita mikononi mwa watu, mama kwa binti, jirani kwa jirani.

Na huu mji wa Leuven, alikohamia Van Mons na vikonyo vyake, ndio leo wenye hifadhi kubwa kabisa ya migomba duniani. Ilianzishwa mwaka 1985 kwenye chuo kikuu cha pale. Inatunza aina zaidi ya 1,500, kama vimiche vidogo ndani ya vichupa vya kioo. Yangambi KM5, ndizi iliyopewa jina la kituo cha utafiti cha Yangambi kule Kongo, imo. Nasema asante kwa kazi hiyo. Lakini kichupa hakijui ndizi hii inapikwaje kwa maharage, au ipi hupelekwa kwa wakwe. Hayo yako kwenye vichwa vya wazee wetu, na wazee wetu wako hapa, mtaa wa pili, wanazeeka.

Basi tufanye nini? Wapo wanaosema kambini hakupandwi mti wa kudumu, kwa sababu ardhi si yetu na hatujui kesho. Ardhi ya Van Mons pia haikuwa yake. Na hapa hapa mkoani Kigoma, kule Ujiji, wageni huonyeshwa miembe mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871 chini ya mwembe. Ule wa zamani ulikufa, ila inasimuliwa kwamba iliyopo imetokana nao. Miembe ya njia ile, kuanzia Tabora na Ujiji hadi Kasongo, ilipandwa enzi za misafara, na chini ya vivuli vyake walipita watu waliofungwa minyororo. Waliopanda wamekwenda, waliofungwa wamekwenda, na mti unamlisha yeyote anayefika.

Kwenu mnaofanya kazi na mashirika: mnapoleta miche, tafadhali ileteni na jina. Mara nyingi inagawiwa kama miche ya matunda tu, na mtu anapanda asichokijua. Siku hizi ya parachichi, au avoka kama tunavyosema sisi, huwa ni Hass. Si mbaya. Lakini jueni kwamba kila Hass duniani imetokana na mti mmoja uliopandwa California na mtu wa posta, Rudolph Hass, katika miaka ya 1920. Mti mama ulikufa mwaka 2002. Leteni Hass, ila tufundisheni pia kubebesha, ili mwenye avoka tamu uani aweze kuihifadhi na kuigawa yeye mwenyewe. Kisu kikali, kamba ya nailoni na mche wa unene wa penseli vinatosha kuanzia. Na kabla ya semina, waulizeni wazee, maana wengine wanajua kazi hiyo kuliko mwalimu.

Kwetu wakazi: aliye na chipukizi asimnyime jirani, hasa jirani anayejiandaa kurudi nyumbani. Ila chipukizi litoke kwenye shina lenye afya, na panga lipitishwe kwanza kwenye moto. Anayerudi na mche anaturudishia shamba.

Toleo lijalo tutaacha ukurasa wa majina. Leteni jina la tunda au ndizi ya kwenu, kijiji linapopatikana, linaliwaje, na nani alikupa mche wa kwanza. Andikeni kwa Kiswahili, Kibembe, Kifuliiru, Kirundi, lugha yoyote. Asiyejua kuandika aje na mjukuu, mjukuu aandike.